Kicheko Kutoka Kolo

Kitu cha kwanza alichokigundua Shamila kilikuwa ndoo. Domitila, mpangaji wa chumba cha tatu, alikuwa akitoka bombani na ndoo yake ya maji, na alipokaribia dirisha la Shamila aliihamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kisha akapita. Hakukunja uso wala hakuharakisha. Hata salamu alitoa.

"Umeamkaje, Mama Abuu?"

"Salama, dada."

Lakini ndoo ilikuwa imekwenda upande wa pili, mbali na dirisha, na Domitila alipofika kwenye kona ya bafu ikarudi mkono wa kulia. Shamila akajua kwamba wapangaji wameshaambiwa.

Vipele vilikuwa vimemtoka siku nne kabla. Alidhani ni joto la magunia. Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia kwenye soko la mahindi la Kibaigwa, na pale malori yanafika kutoka kila upande wa nchi, watu wanashikana mikono, wanalala juu ya shehena, wanakunywa kikombe kimoja. Vipele vilipojaa maji akaenda kituo cha afya. Wakachukua kipimo, na jibu likarudi na jina la ule ugonjwa uliokuwa ukitangazwa redioni. Vitanda vya kutengea wagonjwa vilikuwa vimejaa watu waliozidiwa kuliko yeye. Akaambiwa akae ndani kwake, peke yake, mpaka gamba la mwisho lidondoke lenyewe.

Chumba chenyewe kilikuwa hatua tano kwa nne. Kitanda, jiko la mkaa, beseni, begi la nguo. Dirisha moja lenye nondo na wavu wa mbu, linalotazama ua. Mlango wa mbele ukafungwa. Mlango wa nyuma aliruhusiwa kuufungua, kwa sababu ulikwenda kwenye choo cha zamani ambacho mwenye nyumba, Mzee Matonya, alimwachia awe nacho peke yake. Chakula Domitila alikiweka juu ya tofali penye mlango huo, akagonga ukuta, akaondoka kabla mlango haujafunguka.

Na Abuu hakuwepo.

Abuu alikuwa na miezi kumi. Mama mkwe alikuja kumchukua kutoka Kolo, kule juu ya Kondoa, kabla hata jibu la kipimo halijatoka. Lazima isemwe, mama huyo alipanda basi la kwanza. Ndugu za Shamila wa Gulwe walipiga simu, wakalia, wakamwombea dua. Mama mkwe hakulia, alikuja. Alisimama mlangoni, akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga yake mwenyewe, akasema, "Wewe upone, huyu niachie mimi." Athuman, mume wa Shamila, alikuwa njiani na lori, ni utingo, na akirudi Kibaigwa halali zaidi ya siku mbili. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwachia.

Muuguzi alimwambia neno moja ambalo Shamila alilishika kuliko dawa zote. "Kunyonyesha usinyonyeshe kwa sasa. Lakini kamua kila siku, mara nne, mara tano, umwage. Ukiyaacha tu, yatakauka, na hayatarudi."

Akakamua. Siku ya kwanza yalitoka. Siku ya tatu yakapungua. Siku ya tano alikaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha bati, akaminya mpaka machozi yakamtoka, na chini ya kikombe palikuwa na matone hata kijiko hayajazi. Matiti yalikuwa yamejaa, yanauma, lakini yalikuwa kama yamekataa. Hayakutaka mkono. Yalimtaka Abuu mwenyewe.

Hilo hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Yeye alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa tangu darasa la tano, alipotolewa shule kwenda kulea watoto wa dada yake. Sokoni walimwita Kimya. Alishona magunia mia kwa siku akitoa maneno kumi.

*

Mtu aliyepewa kazi ya kumfanya aseme aliitwa Paskazia.

Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mama wa makamo, na kila asubuhi saa tatu alikuja na kiti cha plastiki kichwani, kizibao cha bluu na begi begani. Siku ya kwanza alichora mstari wa majivu ardhini, hatua tano kutoka dirishani, akaweka kiti nyuma yake.

"Huu ni mpaka wangu na wako," alisema. "Mimi sivuki kuja, wewe huvuki kutoka. Kuku tu ndio hawajafundishwa."

"Shikamoo."

"Marahaba, Mama Abuu. Habari ya leo?"

"Nzuri."

"Umelala?"

"Nimelala."

"Umekula?"

"Nimekula."

Kisha Paskazia alitoa begini kadi yenye nyuso tano zilizochorwa. Ya kwanza inacheka mpaka meno yanaonekana, ya pili inatabasamu, ya tatu imenyooka mdomo, ya nne imenuna, ya tano inalia. Mgonjwa anatakiwa aonyeshe uso unaofanana na moyo wake siku hiyo, na mhudumu anaandika. Ilikuwa njia nzuri, hata asiyejua kusoma anaweza. Shamila aliitazama kadi kupitia wavu. Akionyesha ule wa kwanza wataona anadanganya. Akionyesha wa tano wataleta watu, na watu watauliza maswali, na maswali yatataka majibu.

"Wa pili," akasema.

Kesho yake, wa pili. Keshokutwa, wa pili.

Siku ya sita Paskazia aliishusha kadi akamtazama. "Mama Abuu, hata mawe ya Kibaigwa yana siku ya joto na siku ya baridi. Mkubwa wangu ataniuliza kama namhoji mgonjwa au nauhoji ukuta."

Shamila akacheka kidogo, akaziba mdomo kwa kanga.

"Haya, angalau umecheka. Nikuulize kingine, hiki hakimo kwenye fomu. Nini kinakukosesha usingizi?"

Akafikiri. Kikombe cha bati kilikuwa pale juu ya begi, kikavu.

"Sijamsikia mtoto," akasema.

Ni kweli kwamba alikuwa akipiga simu kila siku. Alikuwa na kisimu kidogo cha vitufe. Mama mkwe alipokea, akamjibu kwa Kiswahili, maneno yaleyale kama mtu anayesoma tangazo: "Hajambo. Amekula. Amelala." Saa yoyote atakayopiga, Abuu amelala. Mtoto aliyekuwa hafungi macho mpaka aimbiwe, sasa alikuwa analala asubuhi, mchana na jioni.

Paskazia akagonga goti lake. "Hilo tu? Mbona jepesi."

Kwa kuwa Abuu alikuwa amenyonya kwa mgonjwa, naye alikuwa anahesabiwa siku zake ishirini na moja. Huko Kolo kulikuwa na mhudumu kama Paskazia, kijana anayeitwa Eliakimu, aliyekwenda kila asubuhi kumpima joto. Paskazia akampigia palepale, nyuma ya mstari wa majivu. "Mwanangu, ukienda kwa yule mtoto, washa simu irekodi hata dakika mbili, unitumie. Mama yake anakauka huku."

Shamila alishtuka kusikia neno hilo. Lakini Paskazia alikuwa amesema tu kama watu wanavyosema.

*

Sauti ikafika siku ya saba. Paskazia aliweka simu yake ndani ya mfuko wa nailoni, akavunja sheria yake mwenyewe kwa hatua tano, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, penye tundu la wavu, akarudi nyuma ya mstari.

"Bonyeza hapo penye pembetatu."

Kwanza kulikuwa na mlio wa kijiko kikigonga sufuria. Halafu Abuu akacheka. Kicheko chake cha kukata pumzi, kile kinachoanzia tumboni na kuishia kwenye kwikwi. Shamila alishika nondo. Kijiko kikagonga tena. Halafu, katikati, zikaingia sauti mbili za wanawake wakizungumza Kirangi, polepole, kama watu wanaochambua mboga. Eliakimu alikuwa ameacha simu juu ya kigoda, ameenda kunawa mikono.

Moja ilikuwa ya mama mkwe.

"Ziwa la mama yake likishakauka, atadai nini tena? Huyu ni wa hapa. Nimeshamwambia Athuman."

"Naye amesemaje?" jirani akauliza.

"Amenyamaza. Mtu akinyamaza ameshajibu."

Kijiko kikagonga. Abuu akacheka tena, kikubwa zaidi, akamalizia kwa kwikwi. Sauti ikakatika.

"Umemsikia?" Paskazia alikuwa ametabasamu mpaka macho yamejikunja. Yeye ni Mgogo wa hapohapo Kibaigwa; Kirangi kwake kilikuwa sauti tu, kama mvua ya mbali. "Umesikia anavyocheka? Na bibi zake pale wanapiga soga. Mtoto yuko kwenye raha huyo."

"Nimemsikia. Asante, mama."

"Uso?"

"Wa pili."

Alisema hivyo huku kifua chake kikilowa. Aliangalia chini akaona madoa mawili yanatambaa kwenye gauni, yanakua, na maziwa yanashuka yenyewe bila kuguswa mpaka kwenye mkanda wa kanga. Akakaa chini ya dirisha ili Paskazia asione, akakinga kikombe. Kikajaa robo. Kikajaa nusu.

Kuanzia siku hiyo Paskazia alimwachia simu ya zamani aliyokuwa nayo nyumbani, ya kioo kilichopasuka, yenye sauti ile ndani. Na Shamila akawa na kazi. Mara tano kwa siku alikaa ukingoni mwa kitanda, akabonyeza penye pembetatu, akasubiri kicheko. Maziwa hayakushuka kwa kicheko cha kwanza, kilikuwa kifupi. Yalishuka kwa cha pili. Na ili kukifikia cha pili ilibidi apite katikati ya maneno yale. Alijaribu kuruka mbele, simu ikarudi mwanzo. Alijaribu kuziba masikio na kuyafungua. Mara zote aliyafungua mapema. *Huyu ni wa hapa.* Kijiko. Kicheko. Maziwa. Akajaza kikombe, akakipeleka choo cha nyuma, akamwaga.

Ua wote ulikuwa mbele yake kupitia wavu, na hakuweza kuugusa. Aliona Domitila akianika nguo, akiihamisha ndoo. Aliona kivuli cha ukuta kikivuka mstari wa majivu na kurudi. Chumba kilikuwa kimoja na mlango wake ulifungwa na ugonjwa. Lakini ndani ya chumba hicho kulikuwa na kingine kidogo zaidi, cha dakika mbili, na huko aliingia mwenyewe mara tano kila siku na kujifungia.

Kwa nini hakusema? Hapo ndipo palipokuwa na ugumu.

Hakuna mtu duniani aliyejua kwamba Shamila anaelewa Kirangi. Alipojifungua alipelekwa Kolo kwa arobaini ya uzazi. Siku arobaini kwenye chumba cha nyuma cha mama mkwe, uji wa moto, maji ya moto, na wanawake wanaingia na kutoka wakizungumza juu ya kichwa chake kwa lugha yao. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa sababu walikuwa wakimsema yeye. Neno la kwanza alilolitambua lilikuwa jina lake, la pili lilikuwa "bubu". Wiki ya tano alikuwa anashika sentensi nzima, na hakuonyesha hata kwa kope.

Tangu hapo alikuwa na kitu chake. Hakuwa na elimu wala ndugu wenye sauti, na mume wake alikuwa barabarani. Lakini alijua wanachofikiri, na wao hawakujua kwamba anajua. Siku atakayofungua mdomo, kitu hicho kitakwisha, na mbele yake hawatasema lolote tena.

*

Magamba yakaanza kudondoka. Siku ya kumi na nane yalibaki matatu, mawili kwenye kiganja na moja chini ya unyayo.

"Wiki moja zaidi," Paskazia alisema asubuhi hiyo ya Alhamisi, akikaa. "Usiyabandue. Najua mkono unawasha." Akatoa simu yake. "Na nina zawadi. Abuu kesho kutwa anamaliza siku zake. Hana joto, hana kipele. Kuanzia Jumamosi hahesabiwi tena. Eliakimu amerekodi nyingine, bado ina moto."

Akaiweka kizingitini. Shamila akabonyeza.

Safari hii Abuu alikuwa anatoa sauti za kujaribu maneno, ba-ba-ba, da-da. Mama mkwe alikuwa karibu naye, anamvalisha kitu. Nguo ilisikika ikipita kichwani.

"Jumapili baba yako mdogo anakwenda Babati," alikuwa akimwambia mtoto kwa Kirangi, kwa upole kabisa, kama anaimba. "Atakupeleka kwa shangazi yako. Hana mtoto, maskini, atakupenda. Huko kuna maziwa ya ng'ombe, utanenepa. Mama yako akija, atakuta umeshakuwa mkubwa."

"Ba-ba," Abuu akasema.

"Ndiyo, bwana wangu."

Juu ya ukuta kuku wa Mzee Matonya alikuwa anajikuna. Shamila alihesabu bila kutaka: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Magamba matatu. Wiki moja.

"Anaongea!" Paskazia alisema kwa furaha. "Na bibi yake anambembeleza. Sauti tamu kweli huyo mama." Alikuwa tayari ameshika kadi. "Haya, tumalize kazi. Habari ya leo?"

Nzuri ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Ilikuwa inakuja yenyewe kama mguu unavyojua ngazi. Shamila akapitisha kidole kwenye tundu la wavu, mahali ulipochanika, akakinyoosha kuelekea kadi. Kidole kikapita wa pili. Kikapita wa tatu na wa nne.

Paskazia hakuandika. Aliitazama kadi, akaigeuza kama vile huenda ameishika vibaya, akaitazama tena. Halafu akafunika kalamu, akakisogeza kiti chake mpaka miguu ya mbele ikakanyaga majivu.

"Niambie," akasema.

Shamila akamwambia. Haikuwa hadithi ndefu, lakini ilimchukua muda kwa sababu kila sentensi ilikuwa inatafuta mlango. Alianza na Babati, akarudi nyuma kwenye kijiko na sufuria, akarudi tena nyuma mpaka arobaini. Kuhusu kikombe alisema akiangalia ukuta.

Paskazia alisikiliza akiwa amejishika shavu.

"Ina maana sauti ile ya kwanza," alisema mwishowe, "niliyokuachia kwenye simu. Maneno hayo yamo?"

"Yamo."

"Na umekuwa ukisikiliza."

"Mara tano kwa siku."

"Mungu wangu. Na mimi kila asubuhi nakuuliza habari, unanijibu nzuri."

"Uliuliza habari, mama. Habari si ndiyo inajibiwa hivyo?"

Kicheko kilimponyoka Paskazia, kifupi, cha mtu aliyechapwa. Akafuta jicho kwa kona ya kizibao.

"Nisamehe. Nilidhani nakuletea asali. Sasa sikiliza. Naweza kumpigia Eliakimu, yeye akamwambia mtendaji wa kijiji, wakaenda watu wawili na karatasi. Mtoto hataondoka. Lakini mama mkwe wako atasema umemletea serikali mlangoni, na utakaa na neno hilo mpaka unazeeka."

"Najua."

"Au usubiri, umwachie Athuman."

"Athuman amenyamaza."

"Basi mimi sioni njia nyingine isipokuwa ile unayoiona wewe: umwambie mwenyewe."

Domitila alikuwa anatoka bombani. Alifika usawa wa dirisha, akamwona Paskazia amekaa juu ya mstari, akasita na ndoo yake katikati ya mikono miwili. Akapita bila salamu.

Shamila alichukua kisimu chake cha vitufe. Gamba la kiganjani lilikwaruza plastiki. Alijua kwamba akiomba kwa Kiswahili, mama mkwe atamjibu kwa Kiswahili: hajambo, amekula, amelala. Maneno hayo yalikuwa ukuta, na upande huu wa ukuta hakukuwa na dirisha. Kulikuwa na lugha moja tu ambayo yule mama alikuwa hajajificha ndani yake.

Simu ikaita. Mara mbili, mara tatu.

"Nikae au niondoke?" Paskazia akanong'ona.

"Kaa."

Ikapokelewa. Nyuma kulikuwa na kijiko kinagonga sufuria.

"Shikamoo, mama," Shamila alisema kwa Kiswahili.

"Marahaba. Hajambo, amekula, amelala."

Kijiko kikagonga. Abuu akacheka, palepale, mzima, macho wazi, na Shamila akasikia kifua chake kikianza kulowa. Maneno yalikuwa yamekaa kooni mwaka mzima kasoro miezi miwili. Alihofia yatatoka yamevunjika, na kweli la kwanza lilitoka limepinda. La pili likanyooka. Alisema kwa Kirangi, taratibu, kwa sauti ambayo Paskazia hakuwahi kuisikia hata siku moja:

"Mama, nimekuwa nawaelewa tangu arobaini. Ziwa halijakauka. Mwanangu asiende Babati."